Namna ya kuchora katoto ka katuni, hatua kwa hatua

Watu wengi wakitaka kuchora mtoto mchanga wa katuni wanachora mtu mzima alafu wanampunguza, wanamvalisha nepi, wanamwekea kinywele kimoja utosini na kutegemea kwamba hapo tayari ni mtoto, kumbe kinachotokea ni kibabu kifupi kilichovaa nepi. Utoto hauko kwenye nepi jamani. Uko kwenye vipimo, yaani kichwa kina ukubwa gani ukikilinganisha na mwili, na macho yamekaa wapi usoni. Ukipatia hayo mawili hata mchoro wa mistari michache kabisa kila mtu ataona ni mtoto, na ukiyakosea hata upake rangi nzuri namna gani haitasaidia.

Vipimo vyenyewe viko hivi. Mtoto aliyezaliwa juzi juzi kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote, yaani ukipanga vichwa vyake vinne kimoja juu ya kingine umefika unyayoni. Mtu mzima anaenda vichwa saba na nusu hivi mpaka nane. Sasa sisi kwenye katuni tunatia chumvi, tunamfanya mtoto wetu awe na vichwa viwili na nusu au vitatu tu, na ndo maana anakuwa mtamu kumtazama. Mwaka 1943 mtaalamu wa tabia za wanyama anaitwa Konrad Lorenz aliorodhesha vitu vinavyofanya tukiona kiumbe kichanga tutake kukibeba: kichwa kikubwa, paji la uso pana lililojitokeza, macho makubwa yaliyokaa chini, mashavu yaliyojaa, mikono na miguu mifupi minene. Ukiiangalia vizuri hiyo orodha ni kama ameandikia wachoraji wa katuni, na ndo tutakayoifuata mwanzo mwisho.

Vifaa sio vingi. Karatasi ya A4, penseli HB ya kuanzia, penseli 2B ya mistari ya mwisho au peni nyeusi ambayo wino wake hauchafui ukikauka, na raba laini isiyochubua karatasi. Kama unachora kwenye simu au tableti hatua ni zilezile, ila mistari ya kuanzia iweke kwenye leya (tabaka la mchoro) yake peke yake ili baadae uizime bila kugusa mchoro. Na mistari ya mwanzo yote iwe hafifu, shika penseli mbali kidogo na ncha, usikandamize, manake nusu ya hii mistari tutaifuta.

Tunamchora akiwa amekaa, anatutazama, nyayo zake zimeelekea kwetu. Huo ni mkao rahisi kuliko yote na pia ni mzuri sana, nitaeleza kwa nini tukifika kwenye miguu.

Hatua ya 1: kichwa

Weka karatasi wima, acha kama sentimita 4 juu, alafu chora duara lenye upana wa sentimita 10. Usitumie bikari. Zungusha mkono kutokea begani, pita juu kwa juu mara tatu nne mpaka duara litulie, likiwa limepinda kidogo haina shida kabisa, kichwa cha mtoto sio mpira na mstari wa mkono una uhai ambao bikari haiwezi kukupa.

Sasa ligawe. Mstari mmoja wa wima katikati, mmoja wa mlalo katikati. Alafu ile nusu ya chini uigawe tena kwa mstari mwingine wa mlalo, kwa duara letu utakaa sentimita 2.5 chini ya ule wa kwanza. Huo wa kwanza tuuite mstari wa juu, huu wa pili mstari wa chini, tutavitaja sana hivi.

Hapa ndo penye siri yote, kwa hiyo nakaa kidogo. Kwa mtu mzima macho yako katikati kabisa ya kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni, ukipima utaona. Kwa mtoto yako chini ya katikati, kwa sababu sehemu ya fuvu inayobeba ubongo imeshakua sana wakati mifupa ya uso na taya bado midogo, meno yenyewe hayajatoka, sasa uso wote unakuwa umebanwa kule chini na juu linabaki paji kubwa tupu. Kwa hiyo sheria ya mchoro huu ni moja: macho, pua, mdomo, masikio, vyote vinakaa chini ya mstari wa juu. Juu ya huo mstari zinaruhusiwa nyusi na nywele tu. Mkono wako utakushawishi upandishe macho, kwa sababu lile paji linaonekana tupu mno na unahisi kuna kitu kimesahaulika. Usiyapandishe. Liache paji hivyohivyo tupu.

Hatua ya 2: mashavu na kidevu

Anzia pembeni mwa duara kwenye usawa wa mstari wa juu, shuka ukiingia ndani kidogo sana, alafu ukikaribia mstari wa chini toka nje ya duara kama sentimita 1, zunguka, uje ukutane katikati chini ambapo utaweka kidevu kidogo kama nukta iliyovimba. Upande wa pili vilevile. Ukimaliza mashavu yawe na upana sawa na fuvu kule juu au yazidi kidogo.

Ile sehemu ya kuingia ndani kabla shavu halijatoka wengi wanairuka, na ndo inayofanya shavu lionekane limejaa. Bila kile kishimo uso mzima unakuwa duara tu. Na usiweke kona ya taya popote, taya lenye kona linaongeza miaka ishirini hapohapo.

Hatua ya 3: macho

Kila jicho ni yai lililosimama, urefu kama sentimita 2.2, upana 1.6, limekaa kati ya mstari wa juu na mstari wa chini. Kati ya jicho na jicho acha sentimita 3 hivi, nafasi ambayo karibu macho mengine mawili yangeingia. Kwa mtu mzima inaingia jicho moja tu, kwa hiyo huku kutanuka kwenyewe kunasaidia utoto.

Ndani ya hilo yai usiache weupe mwingi. Weka duara kubwa la rangi ya jicho linalogusa juu na chini, weupe ubaki vipande vyembamba pembeni tu. Jicho lenye weupe pande zote linaonekana limeshtuka au lina hofu. Ndani yake mboni nyeusi, kubwa pia. Alafu mng'ao: kabla hujatia giza, zungushia kiduara kidogo juu upande wa kushoto na ukiache cheupe, na kingine kidogo zaidi chini upande wa kulia. Yale mang'ao yawe upande uleule kwa macho yote mawili, sio kushoto kwa jicho hili na kulia kwa lile, kwa sababu mwanga unatoka sehemu moja na ukichanganya mtoto anakuwa na makengeza bila wewe kujua tatizo liko wapi.

Ukingo wa juu wa jicho ufanye mzito, wa chini mwembamba au uache wazi kabisa katikati. Kope mbili tatu fupi kwenye kona ya nje zinatosha. Na chini ya macho usichore kitu chochote, hata kamstari, kile kimstari cha chini ya jicho ni uchovu na uzee.

Hatua ya 4: pua, mdomo, nyusi, masikio

Pua iwe kipinde kidogo tu kwenye usawa wa mstari wa chini, upana nusu sentimita. Usichore daraja la pua wala matundu mawili meusi. Ukitaka, kivuli kidogo chini yake basi.

Mdomo unakaa sentimita 1 chini ya pua, na uwe mwembamba, usivuke pale macho yanapoanzia kwa ndani. Kwa tabasamu chora upinde mfupi, alafu mwisho wa kila upande weka kamstari kadogo kanakokata, hako ndo kanasukuma shavu. Akiwa amecheka mdomo wazi, ndani weka ulimi na ufizi tu. Meno ya kwanza mara nyingi yanatoka kwenye miezi sita hivi, kwa hiyo kama unamtaka mkubwa kidogo weka meno mawili madogo chini katikati, kama ni mchanga kabisa usiweke hata moja. Ile mistari inayoshuka kutoka puani kwenda pembeni mwa mdomo ni marufuku kwa mtoto.

Nyusi fupi, nyembamba, zimekaa juu mbali na jicho. Masikio ni nusu duara ndogo, yanaanza usawa wa mstari wa juu yanaishia mstari wa chini, yametokeza nje kidogo, ndani weka upinde mmoja.

Nywele sipendi zikiwa nyingi hapa. Ukimjazia nywele mpaka karibu na macho umelifuta paji ulilolifanyia kazi yote ile. Mstari wa nywele uanzie juu sana, robo ya juu ya kichwa, chora vinywele laini vilivyosimama au vimejikunja, michoro mifupi mifupi yenye ncha nyembamba. Kama unataka nywele za kipilipili weka vikunjo vidogo kwenye ukingo wa juu ya kichwa, usijaze kichwa kizima, jicho la mtazamaji litamalizia lenyewe.

Hatua ya 5: mwili

Hakuna shingo. Namaanisha usiichore kabisa. Mwili unaanzia ndani ya kidevu, kichwa kimeufunika kidogo juu. Umbo ni la peasi, juu upana wa sentimita 5, chini 8, na urefu unaoonekana kama 8 hivi. Mabega yanashuka, hayana kona. Tumbo limetokeza, kitovu ni kamstari kadogo au nukta, kiweke chini kidogo ya katikati ya tumbo, juu tu ya nepi. Nepi yenyewe ni pinde tatu, moja ya kiuno na moja ya kila paja, pamoja na kibandiko pembeni. Ukitaka kumvalisha nguo ni sawa, ila nguo ifuate tumbo, usimnyooshee kama kaning'iniza shati ukutani.

Hatua ya 6: mikono

Mkono wa mtoto ni mfupi kuliko unavyofikiri. Mtoto mchanga akinyoosha mkono juu kiganja kinaishia karibu na utosi tu, hakipiti sana, na kwenye katuni sisi tunauishia sikioni. Kwa hiyo mkono mmoja tuuinue kama anakuita na kiganja kifike usawa wa sikio, mwingine utulie juu ya paja.

Mkono una vipande viwili vinene: wa juu na wa chini, na vinapokutana usichore kiwiko chenye ncha, chora kikunjo. Kikunjo kingine kiko pale kiganja kinapoanzia, na hiki ndo kizuri kuliko vyote, kile kimstari kirefu kinachozunguka kifundo kama amefungwa uzi. Chora mstari huo ukiwa umepinda, ufuate unene wa mkono, usiunyooshe na rula. Mstari ulionyooka unaufanya mkono uwe bapa.

Kiganja: anza na duara, weka kidole gumba kifupi, alafu vidole vinne vinene vifupi vinavyoishia na ncha ya mviringo. Katuni nyingi zinaweka vidole vitatu na gumba na hakuna anayelalamika, ukiona vinne vinabanana punguza. Nyuma ya kiganja mtoto hana vifundo vilivyotokeza, ana vishimo, kwa hiyo badala ya vinundu weka nukta ndogo tatu nne kama vibonyeo. Ni kitu kidogo lakini mtu aliyewahi kulea mtoto akiona tu anajua.

Hatua ya 7: miguu

Nilisema mkao huu ni rahisi, sababu ni hii: miguu ikielekea kwetu huhitaji kuchora urefu wake. Kila upande wa chini ya tumbo weka mviringo mmoja mnene ndo paja, mbele yake weka unyayo, mwisho. Goti halionekani kabisa.

Unyayo ni yai lililosimama, urefu kama sentimita 3.5, juu pana chini jembamba kidogo. Juu yake panga viduara vitano, kikubwa ni kidole gumba na kinakaa upande wa NDANI kwa miguu yote miwili, yaani magumba yanatazamana. Hapo watu wanachanganya sana, unakuta mguu wa kushoto na wa kulia vyote vina gumba upande mmoja. Geuza nyayo nje kidogo, moja iwe juu kidogo kuliko nyingine ili asionekane amepangwa.

Hatua ya 8: mstari wa mwisho

Sasa chukua 2B au peni upitie juu. Mstari wa nje wa mwili na kichwa uwe mnene, mistari ya ndani (vikunjo, pua, kitovu) iwe myembamba. Pale vitu vinapokutana, chini ya kidevu, kwapani, paja linapogusa tumbo, nenepesha kidogo. Vikunjo visiguse ukingo pande zote, anza kwenye ukingo alafu viache vipotee katikati ya nyama. Wino ukauke vizuri kwanza ndo ufute penseli, subiri dakika chache, usiharakishe.

Kabla ya rangi geuza karatasi uitazame kwa nyuma dhidi ya mwanga wa dirisha, au kama ni simu bonyeza kugeuza picha kushoto kulia. Jicho lililopanda litajionyesha lenyewe, manake ukikaa na mchoro muda mrefu macho yako yanazoea makosa.

Rangi sitaongea sana. Ngozi yoyote ile, chukua rangi moja ya msingi, alafu rangi ileile iliyokolea kidogo na yenye joto zaidi uiweke kwenye mashavu, masikio, ncha ya pua, viwiko, magoti kama yanaonekana, na vidole vya miguu. Kivuli kiweke chini ya kichwa juu ya kifua, na chini ya makalio pale anapogusa sakafu, la sivyo ataelea hewani. Kivuli usitumie nyeusi, kinachafua, tumia rangi ya ngozi iliyokolea.

Akilia, akilala

Ukishapata uso wa kawaida kubadilisha hisia ni kazi ndogo, kichwa kinabaki kilekile. Kulala: macho yanakuwa pinde mbili zinazotazama chini, kope kidogo, mdomo wazi kidogo sana. Kulia ndo kuna utamu. Macho yafumbe kwa nguvu, mistari miwili mifupi kila jicho, nyusi zishuke kwa nje na zipande kwa ndani, mashavu yapande, na mdomo uwe mkubwa. Sura ya huo mdomo wengi wanachora duara, lakini mwanasayansi Charles Darwin alishaandika mwaka 1872 kwamba mtoto akipiga kelele midomo inavutwa mpaka mdomo unakaribia kuwa wa mraba, na ni kweli, mwangalie mtoto anayelia. Kwa hiyo chora mraba wenye kona laini, chini pana kuliko juu, ulimi ndani, na utaona kilio kinasikika kwenye karatasi. Machozi mawili makubwa yanatosha.

Akiwa upande

Huu mkao jaribu baada ya kuuzoea ule wa mbele. Duara lilelile, ila nyuma ongeza kisogo kitokeze, mtoto ana kisogo kirefu. Uso wote unabanwa kwenye robo ya mbele ya chini. Paji linatoka nje, linashuka, linaingia ndani usawa wa jicho, alafu kapua kanapanda juu kidogo, mdomo wa juu unatokeza mbele ya ule wa chini, kidevu kinarudi nyuma, na shavu linaning'inia mpaka karibu linafunika kona ya mdomo. Sikio lichore nyuma ya katikati ya kichwa, chini ya mstari wa juu kama kawaida.

Ukitaka kumkuza mpaka mwaka mmoja, asimame, kichwa usikiguse, ongeza tumbo kidogo na miguu mpaka jumla ifike vichwa vitatu na nusu hivi, miguu itanuke, nyayo ziwe mbali mbali, mikono yote juu kwa sababu mtoto anayeanza kutembea anaitumia kujizuia asianguke. Tumbo linabaki mbele. Na macho usiyapandishe bado.